Mbebaji wa Gahondo: Papa Twagirimana Ferdinand, 1947–2023

Baba padri, wakuu wa mtaa wetu wa Murara, majirani, wanashirika, na nyinyi ndugu zetu wa Gahondo mlioacha mahema yenu kule Kanyaruchinya mkaja kwa miguu ili mfike kabla jeneza halijatoka, familia inawasalimu wote, na imenipa mimi Béata, mdogo wake marehemu anayemfuata kwa kuzaliwa, kazi ya kuwasomea maisha yake. Watoto wake walitaka asome kijana mmoja wa kwaya mwenye sauti nzuri, lakini mjane, Mama Valérie, alisema kijana huyo angesoma vizuri sana mambo asiyoyajua, kwa hiyo mtaivumilia sauti hii ya mwalimu mstaafu, na mkiona nimesimama katikati ya sentensi msidhani nimepoteza mstari, nitakuwa ninalia tu.

Ndugu yetu Twagirimana Ferdinand alizaliwa tarehe 14 Aprili 1947 katika kijiji cha Gahondo, kilimani juu ya Kalengera, teritwari ya Rutshuru, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Muzee Wenceslas na marehemu Mama Umutesi, akabatizwa Pasaka ya mwaka uliofuata, na inasemekana alilia ibada nzima mpaka padri wa siku hiyo akafupisha mahubiri, jambo ambalo wakristo wa Gahondo walimshukuru nalo kwa miaka mingi. Ninyi mliozaliwa hapa mjini, ambao Gahondo kwenu ni neno la kujaza kwenye karatasi za serikali, naomba mjue kwamba palikuwa mahali pa watu, nyumba kama arobaini zilizotawanyika kwenye mteremko, migomba juu ya nyumba na mashamba ya maharage na mtama chini yake, kanisa dogo la udongo lililopigwa chokaa kila Noeli, chemchemi moja ambako wanawake walijua habari zote kabla ya wenye habari, na asubuhi ulipoona jiko la jirani halitoi moshi hukujiuliza, ulienda kuuliza. Watu wa kilima kile hawakuwa wa ukoo mmoja wala wa lugha moja, tulioana, tuligombana juu ya mbuzi walioingia mashambani, tukakaa pamoja jioni kwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tukaisahau ile ya mbuzi, na kesho mbuzi wakaingia tena.

Shule alianza Septemba 1954, pale Kalengera, akishuka na kupanda kila siku bila viatu, akamaliza elimu ya msingi mwaka 1961, maana darasa la tano alilirudia, na hili nalisema kwa sababu alinikataza kulisema akiwa hai. Baba yetu alipoona kwamba vidole vya mtoto huyu vinaelewa haraka kuliko kichwa chake, alimpeleka Rutshuru kwa fundi seremala Damascène, akakaa huko hadi mwaka 1965, akarudi Gahondo na randa, msumeno, na majivuno mengi, akaanza kuwatengenezea watu vitanda, milango, madirisha na, kwa huzuni, masanduku ya kuzikia. Kazi hiyo ya useremala aliifanya maisha yake yote, akilima vilevile kama kila mtu, lakini kazi ambayo watu wa kwetu wanamkumbuka nayo haikuwa na mshahara, nayo ni kubeba.

Gahondo haina barabara, ina njia ya miguu inayoshuka ikijipinda mpaka Kalengera kwenye barabara kubwa, na kabla pikipiki hazijathubutu kupanda huko, mgonjwa alifika kwa daktari kwa mabega ya watu. Kila nyumba ilitoa mwanaume mmoja mwenye nguvu, wakapokezana kipoyi, kile kitanda cha mianzi na kamba ambacho kwa Kinyarwanda tunakiita ingobyi, na chama hicho cha wabebaji kilikuwa na sheria zake, ambazo mtoto wa kwetu alizijua kabla hajaijua Baba Yetu. Kipoyi hakikugusa ardhi mpaka mgonjwa afike. Nyumba iliyoitwa mara tatu isitoe mtu ilitolewa kwenye chama, na adhabu kubwa kuliko hiyo hatukuwa nayo. Aliyekuja kuita hakusalimia mtu, maana salamu zetu ni ndefu, alisimama tu katikati ya kiwanja cha mkuu wa wabebaji akasema, «Tumeshindwa, mukuye», yaani sisi wa nyumba hii mzigo umetuzidi, njooni, na waliosikia waliacha jembe palepale wakaenda. Tena hakuna aliyekwenda kubeba bila kuitwa na wenye nyumba, hata kama alisikia kilio, kwa sababu kumpelekea mtu aliye hai kipoyi ambacho watu wake hawajakiomba, kwetu kulikuwa ni kama kumwambia kwamba umemwona amekwisha kufa.

Ferdinand aliingia chamani mwaka 1967, na mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, wazee walimchagua kuwa mkuu, kwa sababu alijua nani ni mrefu akae wapi wakati wa kushuka, nani bega lake la kulia lina kidonda, na nani anasema amechoka wakati hajachoka. Kabla ya hapo, katika safari mojawapo, walipita Rubare kumchukua mama mmoja mzee aliyekuwa akirudishwa kwake, na msichana aliyekuwa akiwafuata na kikapu cha mgonjwa ndiye aliyemfanya ndugu yetu aangalie nyuma badala ya mbele, akajikwaa kwenye jiwe, akaanguka kifudifudi, wenzake wakakiwahi kipoyi kikiwa hewani. Msichana huyo alicheka sana, na tarehe 28 Agosti 1971 alifunga naye ndoa takatifu, ndiye huyu Mama Valérie aliyeketi hapa, na leo ni siku ya kwanza ninamwona amekaa mahali bila kucheka. Mungu aliwajalia watoto saba, wawili walitangulia wakiwa wadogo, watano wako mbele yenu, wakiongozwa na Jean de Dieu, na wajukuu ni wengi kiasi kwamba marehemu aliwaita wote «wewe».

Sasa nafika mwaka 1979. Familia ilikaa jana kujadili kama nisome sehemu hii au niiruke, Mama Valérie akasema isomwe, na Papa Habarurema Darius mwenyewe, ambaye mnamwona pale mstari wa mbele, kofia juu ya magoti, alipoulizwa alijibu kwamba kama sisi hatutaisoma, yeye atasimama aiseme.

Darius alikuwa jirani yetu wa chini, ukimwaga maji ya kunawa kwa Ferdinand yanapita mlangoni kwake, na hao wawili walikua pamoja, walichunga mbuzi pamoja, walichapwa pamoja. Baadaye Darius alifungua kibanda cha chumvi na sabuni pale Kalengera, akawa anakaa barabarani siku nyingi, chama kikaita mara ya kwanza hayupo, mara ya pili hayupo, mara ya tatu hayupo, na mwezi wa kwanza mwaka 1979 mkutano ukaitoa nyumba yake, na aliyetamka neno hilo ni Ferdinand, ambaye siku zile alipenda sheria kama wengine wanavyopenda nyama. Hakufanya kwa chuki, alidhani rafiki yake atakasirika wiki moja, alete mtungi wa kasiksi, arudishwe, mambo yaishe kwa kicheko.

Tarehe 19 Machi mwaka ule, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, hakuna aliyekwenda shambani, na tangu asubuhi kilima kizima kilijua kwamba mke wa Darius ameshikwa na uchungu na kwamba mtoto amekataa kutoka. Ferdinand aliwakusanya wanaume kiwanjani kwake, akateremsha kipoyi, akatandika mkeka mpya, akaenda ndani akatoa blanketi la kitanda chake mwenyewe akaliweka juu, wakakaa kusubiri waitwe. Nyumba ilikuwa imetolewa, ndiyo, lakini hakuna hata mmoja pale aliyefikiri kukataa, walishakubaliana kwamba Darius akija tu na kusema lile neno wanaondoka, habari za mkutano zitazungumzwa siku nyingine. Na kule chini Darius, ameshika mkono wa mke wake, aliamini kwamba mtu aliyetolewa hana ruhusa ya kusimama katika kiwanja kile, alitoka nje mara kadhaa akatazama juu, akawaona wanaume wamekaa wengi pamoja, akadhani wanakunywa ya sikukuu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu, hawa wako tayari wanangoja neno, yule ana neno mdomoni anaogopa kulitoa, na kati yao ni mteremko ambao mtoto anaushuka akikimbia. Mchana mvua ikaja, Darius akang'oa mlango wa nyumba yake, yeye na shemeji yake wakamlaza mama huyo juu ya mlango wakamshusha wawili peke yao kwenye utelezi mpaka Kalengera, na wakati wanangoja gari, mtoto wa kike alizaliwa kando ya barabara, mzima, akilia kwa nguvu, na mama yake akafa kabla gari lolote halijapita. Wanaume wa Gahondo walipoona nyumba ile haina mlango ndipo walipoelewa, wakashuka mbio na kipoyi kitupu.

Siku ya maziko Darius hakupiga kelele, aliuliza swali moja tu mbele ya watu wote, «Mulikuwa munangoja nini?», swali ambalo jibu lake lilikuwa la kweli na lilikuwa la aibu. Halafu akamgeukia Ferdinand akamwambia kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayesimama tena katika kiwanja chake kusema lile neno, akiwa hai wala akiwa maiti. Ndugu yetu alirudi nyumbani akakaa kitako kwenye vumbi la mbao.

Mtoto yule alipewa jina Umurerwa, maana yake aliyelelewa, na jina hilo lilikuwa la haki, kwa sababu Mama Valérie wakati huo alikuwa na mtoto wa miezi mitano kifuani, na kesho yake dada yake Darius alipanda na kichanga ndani ya kitenge, akamweka mapajani mwa Valérie, na Valérie akamnyonyesha pamoja na wake mpaka wote wawili wakatembea. Kwa hiyo Umurerwa alikula katika nyumba ambayo baba yake hakuikanyaga, akamwita Ferdinand papa, akipanda asubuhi na kushuka jioni, na wazee hao wawili wakajuana habari zao kupitia kwake.

Katika mkutano uliofuata Ferdinand aliomba aondolewe kwenye ukuu, wenzake wakakataa, basi akasema atabaki kama watakubali mambo mawili, nyumba isitolewe tena chamani kwa kosa lolote, na wabebaji wasingoje tena kuitwa, wakisikia kilio waende, wakifukuzwa warudi. Ndiyo maana Gahondo ilijulikana mpaka Rutshuru kama kilima kinachobeba bila kuombwa. Lakini yeye mwenyewe alibaki anangoja, alimwambia mke wake na mimi nilimsikia, kwamba hataki msamaha wa maneno, wala hataki kasiksi, anataka siku moja Darius asimame mbele yake asisalimie, amwite, na yeye aende. Alilitaka jambo hilo kwa miaka arobaini na minne, na kila mtu aliyeingia kiwanjani bila kupiga hodi alimfanya anyanyuke kitini, kitu kilichomchosha sana alipohamia mjini, ambako watoto hawasalimii.

Miaka ya vita mnaijua, sitaichambua, wengine hapa tuliiona kwa macho. Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa barabarani na kipindupindu kikaingia kati yao, Ferdinand na wenzake walibeba watu ambao hawakujua majina yao, wengine hawakufika wakiwa hai. Mwaka 1996 vita vilipopanda mpaka kwetu, kulitokea watu kilimani waliotaka kipoyi kianze kuchagua, kibebe hawa kiache wale, na ndugu yetu alikiweka kipoyi katikati ya mkutano akawaambia, «Nani anaweza kupima mugonjwa na kabila yake? Aje anionyeshe namna inapimwa.» Hakutokea mtu, wakaendelea kubeba wote, na kwa ajili ya neno hilo alilala porini majuma kadhaa, akarudi amekonda, akaendelea na milango yake.

Uasi wa pili ulipoanza, mwezi wa nane mwaka 1998, Gahondo ilichomwa sehemu, tukatawanyika, Ferdinand na familia yake wakaja kwangu hapa Murara nilikokuwa nafundisha, wakapanga nyumba ya mbao upande wa pili wa barabara, na mwaka uliofuata Darius naye alifika na Umurerwa, ambaye alikuwa ameshaolewa, wakapata chumba mtaa huuhuu, kwa sababu mtu akikimbia anakimbilia kwa anaowajua, hata aliokosana nao. Hapa Goma ndugu yetu alianza kutengeneza chukudu, hizi baiskeli zetu za mti zinazobeba viazi na makaa, nyingi mlizoziona zikishuka kutoka Kibumba zilitoka mikononi mwake, na ukutani kwake alitundika kipoyi kipya, watu wakamcheka, wakimwambia mjini kuna taksi.

Tarehe 17 Januari 2002 volkeno ilipasuka, na mchana wake moto ulikuwa unashuka mitaani, taksi zimeondoka na wenye pesa zao, sisi wengine tunaelekea mpaka wa Gisenyi kwa miguu. Darius alikuwa na malaria siku ya tatu, Ferdinand na Jean de Dieu wakafika mlangoni kwake na kipoyi bila kuitwa, na Darius, anatetemeka, akawaambia, «Niko na miguu», akachukua fimbo akatoka. Alitembea, na Ferdinand alitembea nyuma yake na kipoyi kitupu, akisimama anasimama, akiendelea anaendelea, mji unaungua nyuma yetu, watu wanatupita na magodoro kichwani wakituuliza kama tumerukwa na akili, na mimi nilikuwa nasali na kucheka kwa wakati mmoja, Mungu anisamehe. Tulipofika karibu na uwanja ule wa mpira, Umurerwa, ambaye alikuwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni na mzigo mkubwa kichwani, hakuomba ruhusa kwa mzee huyu wala kwa yule, alimfungua mtoto akamlaza ndani ya kipoyi, mtoto akalala papo hapo. Darius aligeuka akamwona mjukuu wake, akatazama mbele tena, lakini alipunguza mwendo, na mwendo huo ndio tuliokwenda nao mpaka tukavuka. Nilimwambia Ferdinand jioni ile, basi, umeibebea nyumba ya Darius, akanijibu kwamba mtoto hakuwa mgonjwa, na mwenye nyumba hakuita.

Tulirudi tukakuta lava imekaa mahali pa nyumba zetu, tukajenga juu yake, na yeye alipigilia mbao za nyumba ishirini za majirani kabla ya kumaliza ya kwake, mkewe alimsema sana. Mwaka 2008 na mwaka 2012, vita vilipowasukuma watu wa Rutshuru kuja huku, alipanda hadi Kibati na chukudu kuwatafuta wazee wa Gahondo akawateremsha mmoja mmoja, kati ya vita na vita alirudi kilimani kupanda maharage, na volkeno ya Mei 2021 ilipotukimbiza tena alikataa kutoka mpaka afunge mlango kwa kufuli, kana kwamba lava ni mwizi. Tangu kijiji kizima kishuke kwa vita hivi vya mwisho na kuishi katika mahema, kila Jumapili baada ya misa alikwenda Kanyaruchinya kuuliza nani amezaliwa, nani ameumwa, mahindi yamefika au hayajafika, akaunda tena chama cha wabebaji katikati ya mahema yale, vijana ambao wengine hawajawahi kuona Gahondo, akawafundisha kubadilishana bega bila kumtikisa mgonjwa, akiwa na miaka sabini na tano, akiwatukana kidogo.

Ugonjwa ulianza mwezi wa sita mwaka huu wa 2023, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, madaktari wakasema ni moyo, alitibiwa nyumbani, na tarehe 21 Septemba akalazwa hospitali hapa Goma. Aliumwa kwa subira kuliko tulivyotegemea, isipokuwa uji wa hospitali, ambao aliusema vibaya mpaka mwisho. Mwanzoni mwa mwezi huu wa kumi alikuwa hashiki tena kijiko, alizungumza kidogo, na kila mlango wa wodi ulipofunguka aligeuza macho kuangalia nani.

Tarehe 7 Oktoba, saa ya kutembelea wagonjwa, mlango ulifunguka akaingia Papa Darius, ameshikwa mkono na Umurerwa. Hakunisalimia mimi, hakumsalimia Mama Valérie aliyemnyonyesha mtoto wake, nikaanza kukasirika. Alisimama katikati ya wodi ile, kati ya vitanda, akavua kofia, akasema kwa sauti ambayo wagonjwa wote waliisikia, «Tumeshindwa, mukuye.» Muuguzi, binti mdogo wa hapa mjini, aliogopa, akamkimbilia, «Papa, mugonjwa ni nani? Iko wapi?», na Darius akamjibu, «Mugonjwa ni miye. Toka soixante-dix-neuf», yaani tangu mwaka ule wa 1979.

Ndugu yetu, ambaye siku hizo hakuweza kuinua kichwa, alisukuma blanketi, akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akaanza kutafuta viatu chini ya kitanda. Nilimwambia, Yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa, lala, utaanguka, akanisukuma mkono akasema, «Béata, uniache. Bameita», yaani wameita. Akasimama. Sijui kwa nguvu gani, daktari naye hajui, alisimama wima juu ya sakafu, na Darius akaziba ile nafasi kati yao akamshika chini ya makwapa, wakabaki hivyo, wazee wawili wamebebana, hakuna aliyeweza kusema nani amemshika nani, na Umurerwa akaufunga mlango ili watu wasiwatazame. Baadaye walimlaza, Darius akakaa kando ya kitanda mpaka saa ya wageni kuondoka, na mkitaka kujua walizungumza nini, walizungumza juu ya mbuzi mmoja wa mwaka 1958 aliyekula kanzu ya padri, kila mmoja akisema alikuwa mbuzi wa mwenzake.

Twagirimana Ferdinand alifariki siku mbili baadaye, Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023, saa tatu asubuhi, akiwa amepokea sakramenti, mkono wake ndani ya mkono wa mke wake, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, anamwacha mjane, watoto watano, wajukuu, vitukuu, sisi ndugu zake wawili tuliobaki, na kijiji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, na inamwomba radhi aliyepika uji, inawashukuru mapadri na shirika letu kwa sala za kila jioni, majirani wa Murara kwa maji, viti, turubai na kuni, mafundi wenzake waliotengeneza sanduku hili usiku na mchana bila kuomba kitu, wakajitahidi liwe kama ambavyo angelitengeneza yeye, ingawa kwenye bawaba angewasema, na inawashukuru watu wa Gahondo, ambao hawana nyumba, hawana mashamba, wamekuja na kikapu cha maharage yaliyopikwa. Asante sana, tumekula, tumelia.

Limebaki jambo la kazi. Tunajua desturi ingetaka alale kilimani kwa wazazi wake, lakini njia ya kurudi imefungwa na vita, kwa hiyo tutamzika hapa, na sanduku litakwenda kwa mabega mpaka makaburini, gari litabeba maua na akina mama wasioweza kutembea. Papa Darius amesema bega la mbele ni lake. Tulimwambia ana miaka themanini na mguu mbaya, tukamwomba apande gari, Jean de Dieu alimwomba, padri alimwomba, Umurerwa alimlilia, akatuuliza tena swali lake la zamani, kwamba tunangoja nini. Wazee wa Gahondo wamempa nafasi, kijana atakaa nyuma yake kumsaidia uzito. Basi msafara utakwenda kwa mwendo wa Papa Darius, akitaka kupumua tutasimama wote, na mwenye haraka ruhusa anayo, atangulie.

Haya, Yaya. Mwenye nyumba aliyekuita ameinuka. Twende taratibu, na Mungu akulaze kwa amani.